Malalamiko: beseni moja kwa watoto 14

Tabata, Dar es Salaam
19 Mei 2025

Mkurugenzi,
Kampuni inayoendesha kituo cha kulelea watoto mchana,
Tabata, Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUHARA NA KUTAPIKA KWA WATOTO KITUONI, NA WAZAZI KUTOARIFIWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Binti yangu ana miaka miwili na nusu. Mlianza kumlea Novemba 2023, akiwa na mwaka mmoja. Ada nailipa kila tarehe tano na sijawahi kuchelewesha hata mwezi mmoja. Nalisema hili mapema ili barua yangu isichukuliwe kuwa ya mtu anayetafuta sababu ya kukwepa malipo.

Jumatano ya tarehe 7 Mei nilikuwa zamu ya usiku, kwa hiyo nikapata nafasi ya kuja kumchukua mapema, saa sita na nusu mchana. Watoto walikuwa wamepangwa mstari barazani wakisubiri kunawishwa kabla ya chakula. Mbele yao palikuwa na beseni moja la bluu juu ya kigoda, maji nusu. Dada aliyekuwa pale alishika mikono ya mtoto wa kwanza, akaichovya, akaisugua kidogo, akaifuta kwa taulo alilokuwa amelitundika begani. Akaja wa pili, maji yaleyale, taulo lilelile. Nikasimama getini nikahesabu. Walikuwa 14, na binti yangu alikuwa wa tisa. Zamu yake ilipofika maji yalishakuwa na rangi ya maji yaliyooshea mchele. Mtoto wa mbele yake pampasi ilikuwa imemvujia hadi magotini, na alikuwa ametoka kuchovya mikono humohumo. Kisha wote wakakaa mkekani wakala wali na maharage kwa mikono.

Sikuona sabuni.

Niliingia ndani kuchukua mkoba wa mtoto, nikapita chumba cha kubadilishia pampasi. Kigodoro cha plastiki kimechanika pembeni na sponji inaonekana. Dada mwingine alimaliza kumbadilisha mtoto mmoja, akapitisha kitambaa kikavu juu ya kigodoro, akamlaza mwingine. Dada huyohuyo dakika chache baadaye nilimwona akimenya ndizi za watoto.

Ndugu Mkurugenzi, mimi nasimamia wahudumu wa usafi katika hospitali moja hapa mjini. Kila asubuhi kazi yangu ya kwanza ni kuhakikisha jiki imechanganywa sawasawa. Jiki ya dukani yenye nguvu ya asilimia 3.5, ukichukua sehemu moja ukaitia kwenye sehemu sita za maji, unapata asilimia 0.5, na hiyo ndiyo tunayotumia mahali palipomwagika matapishi, kinyesi au damu. Uchafu wenyewe unaondolewa kwanza. Ndipo dawa inamwagwa, inaachwa dakika kumi, kisha panafutwa. Mchanganyiko wa jana hautumiki leo kwa sababu nguvu yake imeshapungua. Na sponji iliyokwisha kuloa haisafishiki kwa dawa yoyote, inatupwa. Haya hayahitaji elimu kubwa. Nina wahudumu walioishia darasa la saba wanaoyafanya kila siku bila kukosea, na chupa moja ya jiki haifiki hata robo ya ada ya mtoto mmoja.

Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 11, saa nane, binti yangu alianza kutapika. Hadi alfajiri alikuwa ameharisha mara saba. Tulimpeleka kituo cha afya akiwa macho yamezama, na alipochomwa sindano alilia bila machozi. Nililiona hilo kabla daktari hajasema neno, kwa sababu wodini nimeshawaona watoto wa namna hiyo. Alitundikiwa dripu, akapewa ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji ili kurudisha maji mwilini, na vidonge vya zinki vya siku kumi, ambavyo bado anavimalizia. Chanjo ya rota alipata zote mbili, ya wiki ya 6 na ya wiki ya 10, kadi yake ipo. Chanjo hiyo inapunguza ukali wa kuhara kunakoletwa na rota, lakini kuna virusi vingine vya kuharisha ambavyo haivizuii, na vyote vinapita njia moja, kutoka kwenye kinyesi kwenda mkononi na kutoka mkononi kwenda mdomoni. Kwenye beseni lenu njia hiyo ni fupi mno.

Kilichonifanya niandike barua badala ya kupiga simu tu ni hiki. Kwenye benchi la kusubiria daktari nilimkuta mama wa mtoto mwingine wa chumba hichohicho. Wa kwake alianza Alhamisi. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba Jumatatu ya tarehe 5 watoto watatu walitapika kituoni na wazazi wao wakaitwa kuja kuwachukua. Kwa hiyo Jumatano ile, mimi nikiwa getini nahesabu, kituo kilikuwa kinajua tayari. Siku mbili nzima mlijua. Kundi la WhatsApp la wazazi, ambalo halipiti wiki bila kukumbushwa ada na pesa ya sare za mahafali, halikuwa na neno lolote. Ningeambiwa Jumatatu jioni, ningembakiza nyumbani kwa bibi yake wiki ile. Hata kama ningemleta, ningejua cha kuangalia, na ORS ingekuwa ndani kabla ya saa nane za usiku.

Nilipompigia meneja wa kituo Jumatatu ya tarehe 12, alinijibu kwamba ni hali ya hewa, mvua hizi, na kwamba huenda mtoto anaota meno. Binti yangu ana meno yote ishirini. Na hata angekuwa anaota, meno hayaharishi mtoto mara saba kwa usiku mmoja. Jibu hili la meno limewachelewesha wazazi wengi kufika hospitali, nimelisikia wodini mara nyingi mno, na linaniuma kulisikia kutoka kwa mtu anayelipwa kulea watoto. Mvua nazo zinachafua maji, ni kweli, lakini mvua haikuingia kwenye beseni lile.

Aliongeza kuwa mna kitakasa mikono mlangoni. Kinasaidia kwa mkono usio na uchafu wa kuonekana. Mkono wenye kinyesi, udongo au mafuta ya chakula hakiusafishi, na virusi vya kuharisha na kutapisha kama norovirus havikiogopi sana. Vinaondoka kwa sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 20, kila mtoto kwa zamu yake, hasa baada ya choo na kabla ya kula.

Najua maji ni tatizo. Nakaa Tabata, naujua mgao, najua kuna siku mnanunua maji ya madumu. Ila maji yanayotiririka hayahitaji bomba. Wakati wa korona, mwaka 2020, kila duka na kila msikiti na kanisa hapa mjini liliweka ndoo ya koki mlangoni. Ninyi pia mlinunua. Ziko nne kwenye stoo yenu, nimeziona kwa macho yangu, zimejazwa maputo na riboni za mahafali. Zikitolewa leo na kuwekwa juu ya meza fupi, zikiwa na ndoo ya chini ya kupokea maji machafu, tatizo la beseni limekwisha kabla ya chakula cha mchana. Kama hazitoshi, kuna kibuyu chirizi: dumu la lita tano, kamba na kijiti cha kukanyagia. Shule nyingi za vijijini zinatumia, na mtoto wa miaka mitatu anakiweza na anakifurahia. Hata maji hutumia kidogo kuliko beseni. Taulo la pamoja liondoke kabisa. Mikono ikauke kwa hewa, au kila mtoto aje na kitambaa chake.

Nisieleweke vibaya kuhusu dada wale. Sitaki hata mmoja aadhibiwe kwa sababu ya barua hii. Watoto 14 kwa dada wawili, mmoja wao akiwa pia ndiye anayemenya matunda, hapo hata mimi ningekosea. Ninachojua zaidi ni kwamba dada akikosa siku anakatwa. Januari 2024, Wizara ya Afya ilipotangaza mlipuko wa macho mekundu hapa Dar es Salaam, nilimkuta mmoja wao chumba cha watoto wachanga amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Alipoivua kunisalimia, jicho la kulia lilikuwa limevimba na limefunga kwa tongotongo. Alikuwa amembeba mtoto wa miezi minane. Ugonjwa ule ulikuwa unasambaa kwa mikono na kwa taulo, redio zote zilisema, na yeye alijua. Alikuja kwa sababu asingekuja asingelipwa. Binti yangu aliugua macho wiki iliyofuata, na sikulalamika, kwa sababu niliona aibu kumchongea mtu anayetafuta riziki. Sasa naona nilipaswa kulalamika kwenu tangu siku ile. Mlezi anayehara, anayetapika au mwenye macho mekundu akae nyumbani kwa malipo yake. Siku tatu za mshahara wake ni ndogo kuliko chumba kizima kuugua.

Sheria yenu ya ada nayo inawaleta wagonjwa. Fomu inasema siku mtoto asipokuja ada hairudishwi, hata akiwa na cheti cha daktari. Wazazi wengi wa hapa ni mama lishe, mafundi, watu wa Kariakoo, watu wanaokula walichopata siku hiyo. Mtoto anaamka ana homa, mama anampa dawa, homa inashuka, mtoto analetwa kituoni anacheka. Saa nne dawa inaisha nguvu, homa inarudi, na kufikia hapo ameshashika kila kitu. Siwalaumu wazazi hao. Mimi mwenyewe nimeshamleta wangu hivyo, mara moja, na najuta.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na nayaomba kwa maandishi. Mtoto aliyehara au kutapika asipokelewe mpaka zipite saa 48 tangu mara ya mwisho, kwa sababu anaendelea kutoa virusi hata akionekana mzima. Mwenye tetekuwanga arudi malengelenge yote yakishakauka. Mwenye homa asubiri iishe bila dawa. Mafua mepesi hayana haja ya kumfukuza mtoto, la sivyo tutamaliza mwaka bila mtoto kituoni. Siku hizo za ugonjwa zikatwe kwenye ada ya mwezi unaofuata, angalau nusu, ili mzazi asiwe na sababu ya kuficha. Na watoto wawili wa chumba kimoja wakiugua kitu kimoja, wazazi wote tuambiwe siku hiyohiyo kabla ya jioni, bila kutaja jina la mtoto. Mstari mmoja kwenye WhatsApp unatosha.

Kigodoro kile kitupwe. Chumba cha kubadilishia kiwe na ndoo ya koki na sabuni yake, na dada wa pampasi asiguse chakula siku hiyo.

Kwa upande wangu naomba mnirudishie ada ya siku tano, tarehe 12 hadi 16 Mei, na shilingi 47,000 za matibabu ambazo risiti zake nimeambatanisha. Siku nne za kazi nilizopoteza sizidai.

Nasubiri majibu yenu hadi Jumatatu, tarehe 2 Juni 2025. Nikiona kimya, nitapeleka nakala ya barua hii kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa Halmashauri ya Jiji, kwa kuwa vituo vya kulelea watoto mchana vinasajiliwa na kukaguliwa chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, pamoja na Afisa Afya wa kata yetu. Ningependa tusifike huko. Binti yangu anawapenda dada wa hapo, anawaita kwa majina usingizini, na kituo chenu ndicho pekee ninachoweza kukifikia kwa miguu kabla ya zamu ya asubuhi. Kama mtahitaji mtu wa kuwaonyesha walezi namna ya kuchanganya jiki na kusafisha vitanda, nitakuja siku yangu ya mapumziko, Jumamosi yoyote, bila malipo.

Kwa sasa mtoto yuko kwa bibi yake. Kikombe chake cha njano chenye picha ya twiga kimebaki kwenye kabati la jikoni, rafu ya juu. Naomba asikitumie mtoto mwingine mpaka nije kukichukua.

Wenu,

Mzazi, chumba cha watoto wa kati
Viambatanisho: risiti tatu za matibabu, nakala ya kadi ya kliniki