Swali si kilo ni bei gani

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo ambalo sisi tunaofanya kazi za stoo tunaliona kila taasisi inaposafisha maghala yake, na tunalinyamazia. Risasi iliyochakaa inatupwa kwenye rundo moja na vitanda vilivyovunjika na mabati mabovu, inapimwa kwa kilo, kisha anapewa mnunuzi wa vyuma chakavu aliyetangulia kufika na gari.

Ukitaja risasi, wengi wanafikiria bunduki. Mimi nasema yale madini mazito ya kijivu, na taasisi yoyote kubwa iliyodumu inayo mengi kuliko inavyodhani. Yamo kwenye betri za magari na za umeme wa akiba, kwenye aproni na kuta za chumba cha eksirei, kwenye mabomba ya zamani, kwenye waya wa kulehemu na kwenye matofali ya kukinga mionzi maabara.

Matofali hayo ndiyo yaliyonifundisha. Miaka kadhaa iliyopita, hapa ninapofanya kazi, tuliagizwa kuyatoa kwenye chumba kilichokuwa kinabadilishwa matumizi. Tofali moja lilikuwa na sentimita 5 kwa 10 kwa 20. Unaliona dogo, ukiliinua linazidi kilo 11. Kijana mmoja kibarua aliyabeba tangu asubuhi kwa mikono mitupu, akiyakumbatia kifuani. Yalikuwa yameota unga mweupe kama chokaa. Ulipofika muda wa kupumzika alijipangusa viganja kwenye suruali, akaketi juu ya rundo lilelile, akala. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake na sikumwambia neno, maana sikujua. Ule unga mweupe ni kutu ya risasi. Tofali zima halikuingii mwilini, unga huo unaingia kwa kumezwa na kwa kuvutwa puani. Jioni aliondoka na nguo zile zile, na nyumbani alikuwa na mtoto mchanga.

Halijanitoka moyoni hadi leo. Risasi ikishaingia mwilini hujificha mifupani, mahali pa kalisi, na inaweza kukaa humo miongo. Mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano ya kile anachofyonza mtu mzima aliyemeza kiasi hicho hicho, na ubongo wake ndio kwanza unakua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Tena mtu anaweza asihisi chochote mpaka apimwe damu.

Kosa la pili tunalifanya kwenye kamati ya mauzo. Swali la kwanza huwa ni kilo bei gani. Nasema swali la kwanza liwe: inakwenda kuyeyushwa wapi, na nani? Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 tu za Selsiasi. Moto wa mkaa na sufuria kuukuu vinatosha, ndiyo maana inayeyushwa uani mwa nyumba za watu, watoto wakicheza pembeni. Huko Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar nchini Senegali, watoto 18 walifariki kati ya mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008 kutokana na sumu ya risasi. Betri za magari zilikuwa zinachakatwa hapo bila kinga, na udongo wenyewe ukawa sumu. Taasisi iliyouza betri zake bila kuuliza haiwezi kujua kama zake hazikuishia mahali kama hapo.

Kwa risasi iliyotoka kwenye vyumba vya mionzi, kuna hatua isiyorukwa: mtaalamu wa usalama wa mionzi aipime kwanza, ahakikishe haina uchafu wa mionzi wala chanzo cha mionzi kilichosahaulika ndani ya kasha. Mwaka 1987, mjini Goiânia nchini Brazili, watu waliingia kwenye kliniki iliyohamwa wakachukua kichwa cha mashine ya tiba ya mionzi ili wakiuze kama chuma chakavu. Ndani yake mlikuwa na sizi (cesium), madini yanayotoa mionzi. Watu wanne walikufa na 249 wakakutwa na uchafu wa mionzi. Waliokibeba waliona chuma kizito cha kuuza, basi.

Kuifanya kazi hii vizuri hakuhitaji mitambo mikubwa. Tofali, bomba na vipande visafi vikae peke yao, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyorudi kiwandani kirahisi. Risasi inayeyushwa upya mara nyingi bila kupoteza ubora, kwa hiyo kuizika ni hasara juu ya hatari. Betri zisimame wima kwenye trei isiyoliwa na tindikali, na asiwepo wa kuzifungua kumwaga maji yake. Aproni zisikatwe wala kuchomwa. Aulizwe aliyeziuza kama anazipokea. Vumbi, matambara na glavu zilizotumika ni taka hatari, ziingie kwenye chombo chake chenye mfuniko.

Chumba kisifagiliwe kikavu. Kipanguswe kwa kitambaa chenye maji. Wabebaji wavae glavu, wanawe kwa sabuni kabla ya kula, na ovaroli ibaki kazini. Asionekane mtu na grenda. Na tafadhali, tuache zile ndoo za lita 20: ndoo ya namna hiyo ikijaa vipande vya risasi inapita kilo mia kwa urahisi, mpini unang'oka, na mguu wa mtu uko chini. Tumia makasha madogo imara, yenye lebo inayosema ni nini, uzito gani na tangu lini.

Halafu karatasi. Mnunuzi aonyeshe kibali cha kushughulikia taka hatari, na baadaye alete hati ya kiwanda yenye uzito uliopokelewa. Uzito huo ulingane na wetu. Usipolingana, kuna risasi imeshuka njiani, na taasisi ina wajibu wa kuuliza.

Najua jibu nitakalopewa, kwamba mnunuzi mwenye kibali hutoa bei ndogo na fungu la usafirishaji halipo. Nimelisikia kwenye vikao vingi. Lakini taasisi ilipata fungu la kuinunua risasi hiyo ikiwa mpya, na ikaitumia miaka mingi kulinda watu wake. Kibarua aliyeajiriwa kwa siku moja naye ni mtu wake.

Matofali yetu mengine 41 bado yako hapa. Yamepimwa mionzi, yamefungwa kwa plastiki nene, yamo kwenye makasha ya mbao na ufunguo ninao mimi. Mara mbili nimeletewa mnunuzi wa kuyachukua siku hiyo hiyo, na mara zote mbili nimemwomba kibali. Hakuna aliyerudi nacho.

Mtunza stoo