Ada ya semina ya viwanja: usitume kwanza

Sakina, Arusha

Kwako Ndeshi,

Mama umpe shikamoo yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, pamoja na lile tangazo la semina ulilolikunja ndani. Siku tatu hotelini, ada shilingi 650,000, ukilipa kabla ya Ijumaa unashushiwa hadi 450,000, na ukitoka hapo unajua "kumiliki nyumba bila mtaji". Ushauri wangu ni usilipe sasa. Lakini sitaki uishie kwenye neno langu tu, maana mwezi ujao litakuja tangazo jingine tamu kuliko hili.

Hiyo "bila mtaji" imeokotwa Marekani, ambako mkopo wa nyumba wa miaka 30 kwa riba isiyobadilika ni jambo la kawaida. Kwetu benki inataka hati, inataka kianzio, na inataka kuona kipato chako kinavyoingia. Riba nayo ni ya tarakimu mbili. Tufanye mfano. Nyumba ya Pasua, hapo Moshi, inauzwa milioni 60, una milioni 10 mkononi, benki inakupa milioni 50 kwa riba ya asilimia 16 kwa miaka 15. Marejesho yanakuja kama 734,000 kila mwezi. Nyumba yenyewe umepangisha kwa 300,000, yaani 3,600,000 kwa mwaka. Toa mwezi mmoja wa kukaa tupu mpangaji akihama, toa asilimia 10 ya kodi ya TRA, toa laki nne za bati, choo na rangi. Umebaki na 2,570,000 hivi, kama asilimia 4.3 ya bei ya nyumba, na benki kwa mwaka huohuo inakudai zaidi ya 8,800,000. Tofauti hiyo inatoka kwenye mshahara wako. Mwalimu asiyeweza kuiandika hesabu hii ubaoni kwa bei za Moshi, sijui atakufundisha nini siku ya pili na ya tatu.

Tena umeona ule mstari mdogo chini ya tangazo, unaotaja "daraja la juu kwa watakaochaguliwa"? Huo ndio biashara yenyewe. Trump University, kampuni ya Donald Trump ya semina za nyumba na viwanja kule Marekani, ilikuwa na ngazi za namna hiyo: mkutano wa bure, halafu semina ya siku tatu kwa dola 1,495, halafu mafunzo ya karibu na mshauri, yaliyofika karibu dola 35,000. Waliolipa walishtaki, na mwaka 2016 kesi zikaisha kwa makubaliano ya dola milioni 25. Ada ndogo huwa ni ya kukufikisha kwenye ada kubwa.

Ukitaka kuwapima hawa wa hoteli, wapigie simu uombe mambo matatu. Kwanza mtaala wa maandishi, siku kwa siku. Pili, kama watatoa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na kama sharti la kurudishiwa pesa limeandikwa. Tatu, waulize kama mwalimu naye anauza viwanja. Hili la tatu ndilo kubwa. Wengi semina yao ni meza ya kuuzia: siku ya mwisho mnapandishwa Coaster kwenda kuangalia "mradi" upande wa Kisongo au Usa River, mnalipishwa kwa awamu. Akikubali kwamba anauza, mwombe namba ya ramani ya upimaji iliyoidhinishwa. Akikwambia "upimaji unaendelea", umeuziwa shamba kwa bei ya kiwanja.

Huo mtaala ukija, angalia kama yafuatayo yamo, kwa sababu ndiyo yanayokula pesa za watu huku kwetu.

Upekuzi wa hati kwa Msajili wa Hati. Nakala ya hati mkononi mwa muuzaji haikuonyeshi kama mahali hapo pamewekwa rehani benki au kuna zuio. Upekuzi ndio unaoonyesha. Na ile karatasi ya mauziano yenye mhuri wa mwenyekiti wa mtaa inathibitisha kwamba mliuziana tu. Si hati, na benki haitaipokea kama dhamana ya mkopo wa nyumba.

Kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachaga. Wewe ni mtoto wa Kibosho, hili unalijua kuliko mimi, ila pesa huwasahaulisha watu. Ukinunua kwa ndugu mmoja mwezi wa nane, Desemba ukoo ukipanda kutoka Dar utawakuta sita wamekaa chini ya mgomba wako. Mwenye ardhi akiwa amefariki, anayeuza lazima awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na barua ya uteuzi uione kwa macho. Akiwa hai na ana mke, mke asaini: Sheria ya Ndoa ya 1971 inazuia kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenza.

Vipimo. Ukiambiwa "ekari, hatua 70 kwa 70", uliza hatua za nani. Ekari ni mita za mraba 4,047. Mtu wa hatua ya sentimita 75 akitembea 70 kwa 70 anapata mita za mraba 2,756 tu, na theluthi ya ekari imebaki kwa muuzaji. Tumia utepe, au mpima mwenye leseni akutafutie bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja.

Halafu umbali. Mita 60 kutoka ukingo wa mto haziruhusiwi shughuli za kudumu, kwa Sheria ya Mazingira ya 2004. Kwa mji kama Moshi wenye mito ya Karanga na Rau, viwanja vingi "vyenye mandhari" vinaangukia humo. Barabara kuu kama hii yetu ya Arusha na Moshi ina hifadhi ya mita 30 kila upande kuanzia katikati. Alama ya X nyekundu ukutani, ile ya kubomolewa, haitanguliwi na barua ya kukubembeleza. Udongo nao usiusahau: ule mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika unaharibu msingi wa kawaida, na gharama ya kuukabili haionekani kwenye bei ya kiwanja.

Kodi za kuuza ni fupi: ongezeko la mtaji asilimia 10 ya faida, ushuru wa stempu asilimia 1. Tunza risiti zote za ujenzi, maana ndizo zinazothibitisha gharama yako.

Sasa, hiyo 450,000. Karibu yote niliyoandika hapa unaweza kuyauliza bure dirisha la ardhi halmashauri, asubuhi, kabla foleni haijawa ndefu. Pesa iweke kwa ajili ya kiwanja kimoja unachokitaka kweli: ada ya upekuzi, siku moja ya mpima, na wakili wa kusoma mkataba kabla hujasaini. Baada ya hapo, ukibaki na swali ambalo ofisi, mpima na wakili wameshindwa, tafuta kozi fupi inayofundisha swali hilo. Ya uthamini, kwa mfano, nitakuunga mkono ikifundishwa na mthamini aliyesajiliwa.

Kuhusu kile kiwanja cha Mabogini, nitumie nakala ya karatasi ya muuzaji, mbele na nyuma, pamoja na namba ya kitalu. Ukienda kukiona tena, nenda siku mvua imenyesha, uangalie maji yanakosimama. Arubuni usitoe, hata dalali akisema kuna mtu wa Dar anakuja kesho na pesa taslimu. Huyo mtu wa Dar yupo kwenye kila kiwanja.

Wako,
Lomayani