Kioo cha kompyuta kinachozima na kuwaka kipimwe kabla ya kubadilishwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie desturi iliyozoeleka mno katika maduka ya ufundi wa kompyuta hapa Tanga na ambayo, kwa ninavyosikia kutoka kwa jamaa walioko Dar es Salaam na Mombasa, haiko kwetu peke yake. Mtu ana kompyuta ya nyumbani ambayo kioo chake huzima ghafla, hukaa giza kwa muda, kisha huwaka chenyewe kana kwamba hakuna kilichotokea. Anaipeleka kwa fundi, inawashwa, inafanya kazi vizuri mbele ya macho yao wote wawili, na bado mwenye mali anaondoka ameambiwa kwamba kioo kimekufa na anunue kingine. Ananunua. Haupiti muda mrefu, kioo kipya nacho kinazima.

Nilitengeneza redio na televisheni kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa hiyo sisemi haya kwa kuwadharau mafundi wa leo. Hitilafu inayokuja na kuondoka ni ngumu kuliko zote. Kifaa kilichokufa kabisa humngoja fundi na ushahidi wake. Hiki cha kuzima na kuwaka humfikia kikiwa kizima, sawa na mgonjwa wa homa za vipindi anayefika zahanati joto likiwa limeshuka. Lakini zahanati nayo hutakiwa kupima kwanza ndipo itoe dawa ya malaria, na sioni kwa nini kioo kiuzwe bila kipimo chochote, hasa pale ambapo vipimo vyenyewe havina gharama.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote kiko kwenye kioo chenyewe. Karibu kila kioo cha kompyuta ya mezani kina vitufe vyake, na ukivibonyeza hutokea menyu ya kurekebisha mwangaza na rangi. Menyu hiyo haitoki kwenye kompyuta, bali huchorwa na saketi iliyomo ndani ya kioo. Basi picha inapoanza kuchezacheza, fungua menyu na uitazame kwa makini. Ikiwa menyu imetulia huku picha iliyo nyuma yake ikikatikakatika, kwa kawaida kioo hakina kosa, na tatizo litafutwe kwanza kwenye waya au ndani ya kompyuta. Ikiwa menyu nayo inacheza na kupotea pamoja na picha, kosa limo ndani ya kioo au katika umeme unaokilisha. Vivyo hivyo ule ujumbe wa kusema kwamba hakuna mawasiliano, ambao watu wengi huuchukua kuwa tangazo la kifo cha kioo, kwa kweli ni ushahidi wa uzima wake: kioo kinawaka, kinaandika, na kinacholalamikia ni kutoletewa picha.

Giza nalo si la namna moja. Kioo kikizima wakati kompyuta inaendelea kunguruma, zima taa ya chumba, ukimulike kwa tochi ya simu kwa kuiinamisha upande, huku ukitazama kwa karibu. Ukiona madirisha na maandishi kwa mbali, kama kivuli, picha ipo na kilichozimika ni taa ya nyuma ya kioo pamoja na saketi inayoiwasha. Hapo fundi ana kazi halali, na mwenye kompyuta asijaribu kufungua mwenyewe, kwa sababu ndani ya vioo vya zamani vinavyotumia mirija myembamba ya taa mna umeme mkali, na kapasita zake, yaani vipuri vinavyohifadhi umeme, hubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa.

Waya ndio mshukiwa ninayemweka mbele ya wote, ilhali ndio unaochunguzwa kidogo kuliko vyote. Kompyuta nyingi za mitumba tunazonunua bado hutumia kiunganishi cha VGA, kilichoanza na kompyuta za IBM mwaka 1987. Kina nafasi 15 za pini katika safu tatu, na rangi nyekundu, kijani na buluu kila moja ina pini yake. Ndiyo maana kosa la waya wa VGA mara nyingi hujitangaza kwa rangi kabla ya kuleta giza: mguso wa buluu ukilegea picha huwa ya manjano, na wa kijani ukikosekana picha huelekea zambarau. Anayeona rangi zinabadilika kila meza inapotikiswa hana haja ya kioo kipya. Ana haja ya kukaza zile skrubu mbili za pembeni, ambazo watu wengi huziacha bila kuzungushwa hata mara moja. (Na asishtuke akikuta pini moja ya safu ya kati haipo, waya nyingi hutoka kiwandani hivyo.)

HDMI, kiunganishi cha kompyuta na televisheni za kisasa zaidi, ina tabia nyingine. Migusano yake ni 19 na habari yake ni ya kidijitali, kwa hiyo kwa kawaida picha haififii polepole. Ama hutokea vidoa vinavyometameta, ama picha hukatika yote kwa sekunde moja au mbili, kisha hurudi baada ya kompyuta na kioo kutambuana upya. Kichwa chake hakina skrubu, kinashikwa na mbano wake tu, na waya mzito ukining'inia nyuma ya meza huuvuta mguso kidogo kidogo kila siku. Kuazima waya wa jirani kwa jioni moja, au kuhamia tundu jingine la kioo, hutoa jibu ambalo duka halikuweza kulitoa kwa wiki nzima.

Sisi wa pwani tuna jambo la ziada. Hewa ya Tanga, Pangani, Bagamoyo au Unguja ina unyevu na chumvi, na madini ya migusano huota utando mwembamba ambao jicho halioni lakini umeme unauhisi. Hali hii haiishii kwenye waya wa kioo. Vipande vya RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) na kadi ya picha (inayotengeneza picha ya kupelekwa kwenye kioo) vilivyochomekwa kwenye bodi kuu huathirika pia, na RAM isiyogusa vizuri inaweza kuiacha kompyuta ikiwaka feni huku kioo kikiwa cheusi tangu mwanzo. Kuchomoa plagi ya umeme, kukitoa kipande, kukisafisha migusano kwa spiriti safi na kukirudisha mpaka kibanwe sawasawa ni kazi ya dakika chache. Mafundi wengi hutumia ufutio wa penseli, nami sina ugomvi nao, mradi unga wake usiachwe ndani ya bodi.

Kwa kompyuta mpakato, tazama bawaba. Waya mwembamba unaopeleka picha kwenye kioo hupita hapo na hukunjwa kila kifuniko kinapofunguliwa na kufungwa. Kama picha inapotea kifuniko kikiwa katika pembe fulani na kurudi kikisogezwa, unganisha kompyuta na televisheni ya sebuleni: televisheni ikitulia wakati kioo cha kompyuta kinacheza, uchunguzi uanzie kwenye waya huo kabla haujafika kwenye kioo.

Lipo pia kosa la programu, ambalo hakuna bisibisi inayolifikia. Njia ya kulitenga ni kuiacha kompyuta katika ukurasa wa mipangilio ya BIOS, ile programu ya msingi inayotangulia kabla Windows haijaanza, kwa muda ambao kwa kawaida hitilafu ingekuwa imeshatokea. Ikizima hapo, Windows haina hatia. Ikitulia hapo na kuzima baada ya Windows kupakiwa, shuku draiva ya kadi ya picha, yaani programu inayoiendesha kadi hiyo. Microsoft wenyewe wanaelekeza kufungua Task Manager, dirisha linaloorodhesha programu zinazofanya kazi, kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja: dirisha hilo likichezacheza pamoja na kila kitu, huenda draiva ndiyo yenye kosa, likitulia wakati mengine yanachezacheza, itafutwe programu isiyopatana na mfumo. Aidha, Windows huanzisha upya draiva ya picha inapochelewa kujibu kwa sekunde mbili hivi, na mtumiaji huona weusi wa ghafla kisha picha inarudi. Na kabla ya yote hayo, aangalie mipangilio ya kuokoa umeme, kwani kioo kinachozima kila kompyuta inapokaa bila kuguswa kinatii amri tu.

Saa ya tukio nayo inasema mengi. Kioo kinachosumbua asubuhi kikiwa baridi na kutulia kikishapata joto kina dalili za kapasita zilizochoka, na mara nyingi vichwa vyake hukutwa vimevimba. Picha inayopotea baada ya mchezo au video ndefu inaelekeza kwenye joto, hivyo vumbi na feni ya kadi ya picha vikaguliwe. Inayopotea kila friji inaposhtuka kuwaka inaelekeza kwenye umeme wa nyumba, au kwenye soketi ya kuongezea iliyolegea ambako kila kifaa kimechomekwa. Kwa hiyo mwenye kompyuta aandike saa na alichokuwa akikifanya, tena airekodi hitilafu kwa simu inapotokea, menyu ikiwa imefunguliwa. Video ya namna hiyo inamfikishia fundi kile ambacho kompyuta yenyewe imekataa kumwonyesha.

Sasa niseme lililonisukuma kuandika. Wateja wetu hawataki kulipia uchunguzi. Fundi akitumia saa tatu kugundua kwamba skrubu ya waya imelegea, mteja atamwuliza analipia nini, na huenda akaondoka bila kutoa kitu. Akiuza kioo, analipwa bila ubishi na faida yake imo. Kwa mpango huo tumemfundisha fundi kwamba kupima ni hasara, halafu tunamlaumu kwa kuuza. Napendekeza maduka yatangaze ada ya uchunguzi peke yake, inayolipwa hata kama hakuna kipuri kitakachonunuliwa, na vyuo vinavyofundisha ufundi huu, VETA ikiwa mojawapo, vimzoeze mwanafunzi kuandika alichopima kama anavyozoezwa kushika bisibisi.

Ada hiyo nayo iwe na malipo yake kwa mteja: karatasi fupi inayoeleza kipimo gani kilifanywa, kwa waya gani, na kioo kipi kingine kilijaribiwa kwenye kompyuta hiyo hiyo. Asiyeweza kujaza karatasi hiyo hajafikia hatua ya kumwuzia mtu kioo. Na kioo cha zamani, hata kama kimetangazwa kufa, kirudishwe mikononi mwa mwenyewe pamoja na waya wake, ili akitaka akakijaribu kwenye kompyuta ya jirani.

Msomaji wako,
Tanga