Kunawa mikono: kabla ya Jumamosi

Habari za jioni wahudumu wa afya. Mabango ya kuhimiza kunawa yasubiri kwanza. Watu wanajua kunawa ni muhimu. Kinachokosekana ni maji na sabuni pale mlangoni pa choo. Kila mmoja apite kaya 10. Usiulize "mnanawa?", wote watajibu ndiyo. Angalia: dumu lina maji? Sabuni imelowa?

Kibuyu chirizi, yaani dumu la kunawia linaloinamishwa kwa mguu, kiwe hatua chache tu kutoka chooni: dumu la lita 5, tundu la msumari wa moto chini kidogo ya mdomo, kamba na kijiti cha kukanyagia. Sabuni itobolewe, ining'inizwe, ifunikwe kopo, la sivyo kunguru ataondoka nayo. Kila nyumba imtaje mjazaji maji kwa jina. Dumu la "wote" hukauka upesi. Turudi kuhesabu vibuyu vyenye maji na sabuni baada ya wiki 6, bila taarifa.