YAH: MALALAMIKO KUHUSU MASTA SILINDA MLIYOIFUNGA KWENYE LAND ROVER 109

Lushoto, Tanga

Ndugu Meneja wa Huduma,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi uliopita niliwaletea Land Rover 109 Series III ya mwaka 1974, gari aliloniachia marehemu baba. Shida niliieleza wazi: nikikanyaga breki na kushikilia, pedali inazama. Mlinitoza shilingi 420,000, na risiti ninayoambatanisha imeandikwa "masta silinda mpya, breki shuu za mbele, kutoa upepo". Masta silinda ndiyo pampu inayosukuma mafuta ya breki kwenda magurudumuni ukikanyaga pedali. Siku ya nne, tukishuka kutoka Soni kwenda Mombo, mimi na mke wangu na magunia ya viazi nyuma, pedali ilikwenda hadi sakafuni. Gari hili lina njia moja tu ya mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Masta silinda ikishindwa, kinachobaki ni handibreki inayoshika shafti ya kuzungusha magurudumu ya nyuma, nayo ni ya kuegeshea. Namshukuru Mungu gia ya pili iliingia.

Nilipopiga simu, fundi wenu alinijibu, "Mzee, magari ya zamani ndivyo yalivyo, pampu mara mbili." Jibu hilo limeniuma kuliko hela. Pedali ikiwa laini kama sponji, kuna upepo ndani ya mafuta. Ikienda chini sana kisha ukipampu ikapanda na kuwa ngumu, breki shuu ziko mbali na ngoma ya gurudumu ambayo zinapaswa kuishika, zirekebishwe. Lakini ikizama polepole huku mguu umetulia, mafuta yanatoroka mahali, ama nje, ama ndani ya masta silinda yenyewe. Gari langu lilikuja kwenu na shida hii ya tatu.

Nilikagua uani kwangu. Magurudumu makavu, paipu kavu, kikopo cha mafuta hakijapungua. Nikabana kwa klampu mipira yote mitatu inayopitisha mafuta kwenda magurudumuni, miwili ya mbele na mmoja wa nyuma, nikakanyaga tena. Kama mafuta yangekuwa yanatorokea magurudumuni, pedali ingesimama. Ilizama vilevile.

Ndipo nikaifungua masta silinda. Nje, rangi nyeusi ilikuwa bado inanukia. Ndani, kule ambako pistoni haifiki kwa matumizi ya kila siku, kulikuwa na vishimo vya kutu. Nilipopitisha ukucha ulikwama. Mdomo wa raba ya pistoni inayozuia mafuta yasipite, ambayo kweli ilikuwa mpya, umekwaruzwa mistari mahali palepale. Mliniuzia masta silinda kuukuu iliyobadilishwa raba na kupakwa rangi, kwa bei ya mpya. Na kila fundi alipokanyaga pedali hadi mwisho ili kutoa upepo, aliisaga raba ile kwenye kutu.

Naomba mnirudishie gharama ya masta silinda na ya ufundi, na mnieleze kwa maandishi ilitoka wapi. Naomba pia muwapigie simu wateja wengine mliowafungia spea za namna hiyo, leo, kabla hawajashuka mlima. Nisipopata majibu ndani ya siku 14, nitapeleka malalamiko haya Tume ya Ushindani.

Masta silinda yenyewe ninayo, nimeihifadhi kwenye mfuko bila kuiosha. Mkitaka kuikagua, karibuni Lushoto. Gari lipo uani, nimeliwekea mawe magurudumuni.

Wenu,
Mteja, Lushoto