Kwa mtoto wa mjomba anayewapeleka wageni Kidichi

Assalaam aleikum, mtoto wa mjomba.

Nimefurahi kusikia umepata kazi ya kutembeza wageni kwenye mashamba ya viungo. Nina ombi moja, mapema, maneno yako hayajakaa mdomoni.

Hadithi utakayoanza nayo naijua, na ni ya kweli. Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, aliijenga hamamu ya Kidichi, yaani nyumba ya kuogea, hapa Unguja mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe Shehrzad, mjukuu wa Shah wa Uajemi. Waonyeshe makuba, na pale moto ulipokokwa chini kupasha maji. Kwenye kuta usiwaharakishe: kuna ndege, mitende na maua yaliyofinyangwa kwenye lipu. Ndege ndani ya jengo la Sultani wa Kiislamu! Waislamu wengi huepuka kuchora viumbe hai, lakini Waajemi walizoea; ndiyo maana wengi husema mafundi walikuwa Waajemi.

Lakini pale palikuwa shamba. Sultani alifika kukagua mikarafuu yake na kuwinda, na nyumba aliyofikia haipo tena. Nani aliyekuwa akipalilia? Nani aliparamia mikarafuu kuchuma, akachambua karafuu na makonyo, yaani vikonyo vyake, akaanika juani na kukimbilia kuanua wingu likitanda? Watumwa, wengi wao waliovushwa kutoka bara. Wao walilala kwenye vibanda vya fito na udongo vilivyoezekwa makuti, na mvua hazikubakisha kitu. Hamamu ni ya mawe na chokaa, imebaki, basi kila siku tunasimulia habari za bibie aliyekuja kuoga. Linanikera hili, sikufichi.

Usiwaambie pia kwamba mikarafuu wanayoiona ni ya Seyyid Said. Kimbunga cha 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa, na karafuu nyingi zikawa zinatoka huko. Halafu yakaja Mapinduzi ya 1964, serikali ikachukua mashamba na kuwagawia watu eka tatu tatu. Mgeni akikuuliza kwa nini haoni shamba moja kubwa, mwanzie hapo.

Tena pitia Kizimbani, si mbali. Kuna hamamu nyingine ya zama hizo hizo, haina nakshi, na ndiyo maana hairukiwi na kamera. Mimi naipenda zaidi. Shamba lile lilikuwa la Saleh bin Haramil, anayetajwa miongoni mwa watu wa kwanza kupanda mikarafuu Unguja, kabla Seyyid Said hajamnyang'anya. Leo Kizimbani kuna kituo cha utafiti wa kilimo, kwa hiyo ardhi ile bado ina kazi. Hapo unaweza kuzungumza habari za shamba lenyewe, miche, uchumaji na jasho, bila mgeni kukukatiza aulize binti wa mfalme alikuwa mzuri kiasi gani.

Nijibu basi: kundi lako la Jumamosi utalipitisha Kizimbani, au dereva atalalamikia mafuta?