Barua ya Wazi kwa Waziri wa Kawi na Petroli: Mfugaji Anaishi Wapi?

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia nikiwa mtoto wa wafugaji wa Turkana Kusini, kuhusu neno moja lililomo katika Sheria ya Petroli ya Kenya ya mwaka 2019. Sheria hiyo imetenga asilimia 5 ya fungu la serikali ya kitaifa katika mapato ya petroli kwa jamii ya eneo, na ikaifafanua jamii hiyo kuwa ni watu wanaoishi katika kaunti ndogo ambamo petroli inachimbwa, na walioathiriwa na uchimbaji huo. Neno lenyewe ni "wanaoishi".

Mvua ikinyesha tuko karibu na Lokichar. Kiangazi kikikaza, mifugo hutuvuta hadi kaunti ndogo nyingine, na anayerudi akakuta njia yake ya malisho imezibwa huenda asihesabiwe popote. Nimewahi kuuzunguka ua wa seng'enge wa kisima kimoja cha mafuta nikiwa na mbuzi wa mama. Langoni palikuwa na bango la hatari lililoandikwa Kiingereza kitupu, ilhali wachungaji wa pale ni watoto ambao wengi wao hawajaliona darasa. Ndani ya ua kulikuwa na shimo la tope la uchimbaji, plastiki yake nyeusi imechanika ukingoni, nayo seng'enge ya upande huo imelala chini. Mbuzi mwenye kiu, nadhani utakubali, hasomi lugha yoyote.

Tangu mafuta yagunduliwe katika kisima cha Ngamia-1 mwaka 2012, tumesikia mengi kuhusu mapipa na machache kuhusu maji. Mpango uliopo ni kuyavuta maji kwa bomba kutoka bwawa la Turkwel, yasukumwe ardhini ili kuyatoa mafuta. Sibishani na wahandisi, kwa kuwa najua mafuta haya yana nta nyingi na hayatoki kwa urahisi. Lakini huku kwetu kina mama bado huchimba mchanga wa laga, yaani mto wa msimu uliokauka, kwa mikono wakitafuta ndoo moja.

Kwa hivyo naomba kanuni za sheria hiyo zimtambue mfugaji kwa njia zake za malisho. Bomba hilo liwe na vituo vya maji vya watu na mifugo. Mashimo ya tope yasafishwe na kufukiwa. Na vipimo vya maji ya visima vyetu visomwe barazani kwa Kiturkana. Mabaraza hayo nayo, tafadhali, yafanyike pia kiangazi, huko mifugo iliko, kwa maana yakiitishwa Lokichar pekee wakati huo, wenye malalamiko watakuwa mwendo wa siku tatu kutoka hapo.

Wako mtiifu,
Mtoto wa mfugaji, Turkana Kusini